Vita vya Pili vya Uingereza na Uholanzi, 1665–1667: Mipaka Iliyochorwa na Hazina

Tarehe 31 Julai 1667, katika mji wa Breda, Uholanzi, wajumbe wa Mfalme Charles II wa Uingereza na wale wa Jamhuri ya Uholanzi walitia saini mkataba uliokomesha vita vya miaka miwili na ushei kwa kanuni moja kuu: kila upande ungebaki na kile ulichokuwa umekishika tarehe 20 Mei ya mwaka huo. Kwa kanuni hiyo Waingereza walibaki na koloni la New Netherland, ambalo walikwisha kulipa jina la New York, na Waholanzi wakabaki na Suriname, koloni la miwa la Amerika Kusini walilokuwa wamelitwaa miezi michache tu kabla, pamoja na kisiwa kidogo cha Run kilichoko Banda, mashariki mwa Indonesia ya leo. Hakuna mji mkuu uliotekwa, hakuna mfalme aliyeng'olewa, wala hakuna hata shamba moja la Ulaya lililohama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Miezi sita baadaye, Januari 1668, mahasimu hao waliungana na Sweden ili kuizuia Ufaransa.

Wachambuzi wa mambo ya kijeshi huviita vita vya namna hii vita vyenye mipaka. Kila upande hutaka kitu mahususi kutoka kwa mwenzake bila kukusudia kumwangamiza, na mapigano hukoma pale gharama ya kukitafuta kitu hicho inapozidi thamani yake. Maelezo ya jumla kama hayo humwachia msomaji picha ya watawala wenye hekima, waliojua wapi pa kusimama. Kisa hiki, kikisomwa kwa makini, hakiungi mkono picha hiyo. Charles na washauri wake walisimama kwa sababu waliishiwa fedha, na walikwenda Breda kutafuta amani wakati mabaharia wao wenyewe walikuwa wanawadai mishahara ya miezi na miezi. Isitoshe, mipaka yenyewe iliwalinda wale tu waliokuwa na kiti kwenye meza ya mazungumzo.

Kiini cha ugomvi

Katikati ya karne ya 17 Uholanzi ilikuwa nchi ya watu takriban milioni 2, ilhali Uingereza ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Hata hivyo meli za Kiholanzi ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya shehena za Ulaya: nafaka na mbao za Baltiki, samaki wa Bahari ya Kaskazini, divai ya Ufaransa, na viungo vya Asia vilivyoletwa na kampuni yao ya Mashariki iliyoundwa mwaka 1602. Bunge la Uingereza lilijibu kwa Sheria ya Usafiri wa Majini ya 1651, iliyofanywa upya mwaka 1660, iliyoagiza kwamba bidhaa kutoka Asia, Afrika na Amerika ziingie Uingereza kwa meli za Kiingereza tu. Vita vya kwanza kati ya nchi hizi, vya 1652 hadi 1654, viliiacha sheria hiyo mahali pake na chuki ikiwa palepale. George Monck, jenerali aliyekuja kuwa Duke wa Albemarle, ananukuliwa akisema kwamba hakuna haja ya kutafuta sababu hii au ile, kwa kuwa kinachotakiwa ni sehemu kubwa zaidi ya biashara iliyomo mikononi mwa Waholanzi. Ni nadra kwa mkubwa wa jeshi kusema ukweli namna hiyo.

Kulikuwa pia na deni la zamani la viungo. Kungumanga na basibasi, ambazo mpishi wa Unguja au Mombasa huzinunua leo bila taabu, wakati ule zilitoka katika visiwa vya Banda peke yake. Waingereza walijiimarisha Run mwishoni mwa 1616, wakazingirwa na Waholanzi kwa miaka kadhaa. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen alivivamia visiwa vya Banda kwa niaba ya kampuni ya Kiholanzi, na kati ya wenyeji wanaokadiriwa kufikia 15,000, wengi waliuawa, walikufa kwa njaa milimani, walikimbia au walichukuliwa utumwani. Mkataba wa 1654 uliahidi kwamba Run ingerudishwa kwa Waingereza, lakini utekelezaji ulicheleweshwa mwaka baada ya mwaka.

Sababu iliyo nzito zaidi, na ambayo kwa maoni yangu hupewa nafasi ndogo mno katika masimulizi ya vita hivi, ni Afrika Magharibi. Mwaka 1660 Charles alitoa hati ya kuanzisha kampuni ya Kiingereza ya kufanya biashara na pwani hiyo, akaipa hati mpya mwaka 1663. Kiongozi wake alikuwa mdogo wake Mfalme, James, Duke wa York, ambaye wakati huohuo alikuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza. Kampuni ilitafuta dhahabu ya pwani ya Guinea, pwani ambayo ndiyo iliyoipa jina sarafu mpya ya guinea, na ilitafuta watumwa wa kupeleka kwenye mashamba ya miwa ya Barbados na Jamaica. Waholanzi, kutoka ngome yao kubwa ya Elmina katika Ghana ya leo, ndio waliokuwa na nguvu zaidi pwani hiyo. Basi mtu aliyekuwa na hisa katika kampuni iliyotaka kuwaondoa Waholanzi ndiye aliyekuwa na mamlaka juu ya manowari za kuwaondoa. Mgongano huo wa maslahi haukufichwa, na barazani kwa Mfalme haukuonekana kuwa aibu.

Mapigano kabla ya tangazo

Mwishoni mwa 1663 nahodha Robert Holmes alisafiri kwenda Afrika Magharibi akiwa na manowari za Mfalme zilizotumikia malengo ya kampuni. Mwanzoni mwa 1664 aliitwaa Gorée, kisiwa kilicho mbele ya Dakar ya leo, na Mei akaitwaa ngome ya Carolusborg huko Cape Coast. Ngome hiyo ilisimama katika ardhi ya Fetu, na watawala wa Fetu na wa Fante walikuwa wakipatana na Mzungu huyu au yule kulingana na faida waliyoiona. Hawakuwa watazamaji tu. Bila maelewano nao, hakuna ngome ya pwani hiyo iliyoweza kutekwa au kulindwa kwa muda mrefu, kwa maana chakula, maji na bidhaa zote zilitoka kwao.

Agosti 1664 Richard Nicolls alifika na meli 4 mbele ya New Amsterdam, mji mdogo ulioko kwenye ncha ya kisiwa cha Manhattan. Gavana Peter Stuyvesant alitaka kupigana, lakini wakazi, waliojua kwamba kuta zao zilikuwa mbovu na baruti yao haba, walimsihi asalimu amri, na tarehe 8 Septemba mji ukabadili mikono bila mapambano. Mfalme alikuwa amekwisha kumpa ndugu yake James eneo hilo miezi kadhaa kabla, na ndiyo maana linaitwa New York hadi leo.

Nchi hizi mbili hazikuwa vitani bado. Balozi wa Kiholanzi alipolalamika, Holmes alifungwa katika Mnara wa London kwa madai kwamba alivuka maagizo yake, kisha akaachiliwa na baadaye akapandishwa cheo. Hapa inaonekana mbinu ambayo dola za kikoloni ziliitumia tena na tena: nahodha aliye mbali hupiga, na Mfalme aliye karibu hukanusha. Matumaini ya London yalikuwa kwamba mapigano yangebaki huko mbali, Afrika na Amerika, na kwamba mpinzani angekubali hasara kuliko kuhatarisha njia zake za biashara za Ulaya.

Johan de Witt, mwanasiasa aliyeiongoza Jamhuri ya Uholanzi, hakukubali. Admirali wake, Michiel de Ruyter, alikuwa katika Bahari ya Mediterania mwaka 1664, akikabiliana na maharamia wa Algiers sambamba na kikosi cha Kiingereza chenye kazi hiyohiyo. Amri ya siri ilimfikia. Akajaza maji na chakula katika bandari za Hispania, akaondoka bila majirani zake Waingereza kujua alikokuwa anaelekea. Oktoba aliirudisha Gorée. Mwezi Februari 1665, akisaidiwa na wapiganaji wa Kiafrika waliopatana naye, aliitwaa Kormantin, kituo kikuu cha Waingereza katika pwani hiyo, ingawa Cape Coast ilimshinda. Kisha akavuka Atlantiki akaishambulia Barbados, na hakurejea nyumbani hadi Agosti. Kufikia hapo hakuna aliyeweza tena kudai kwamba ugomvi ulikuwa wa manahodha wakorofi. Desemba 1664 Waingereza walikuwa wameshambulia msafara wa biashara wa Kiholanzi karibu na mlango wa Gibraltar, na Machi 1665 Uingereza ikatangaza vita rasmi.

Miaka miwili ya moshi

Mapigano ya Bahari ya Kaskazini yamesimuliwa mara nyingi na sitayarefusha. Tarehe 13 Juni 1665, mbele ya Lowestoft, zaidi ya meli 100 za kila upande zilipambana, na Waholanzi wakashindwa vibaya: meli ya amiri wao, Eendracht, ililipuka na kumuua Obdam aliyewaongoza, na meli nyingine zipatazo 17 zilizama au kutekwa. Usiku uliofuata, mtumishi mmoja wa Duke wa York, Henry Brouncker, alitoa amri ya kupunguza matanga kana kwamba imetoka kwa bwana wake, na Waholanzi waliosalia wakapata nafasi ya kukimbia. Mwezi Agosti Waingereza waliufukuza msafara tajiri wa Kiholanzi uliotoka Asia hadi ndani ya bandari ya Bergen, Norway, lakini mizinga ya ngome ya huko iliwafyatulia wao, na mali yote ikaponyoka.

Mwezi Januari 1666 Ufaransa iliingia vitani upande wa Waholanzi kwa jina zaidi kuliko kwa vitendo, lakini jina hilo tu lilitosha kuleta madhara. Kwa uvumi kwamba meli za Kifaransa zilikuwa njiani, Mwanamfalme Rupert alitumwa magharibi na meli zipatazo 20, na Monck akabaki na 56 hivi dhidi ya Waholanzi waliokuwa na zaidi ya 80. Mapambano yaliyofuata, kuanzia tarehe 11 hadi 14 Juni, yalidumu siku 4 mfululizo na ni miongoni mwa marefu zaidi katika zama za matanga. Waingereza walipoteza karibu meli 10. Moja ilikuwa Royal Prince, iliyokwama kwenye fungu la mchanga la Galloper. Admirali wake, George Ayscue, alichukuliwa mateka na meli ikachomwa. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Agosti, Waingereza walilipiza kwa ushindi wao, na tarehe 19 na 20 Agosti Holmes, yule wa Gorée, aliingia kati ya visiwa vya Vlieland na Terschelling akachoma meli za biashara zipatazo 140 zilizokuwa nangani, na mji wa West-Terschelling ukateketea pia. Kila upande, kwa hiyo, ulionja ushindi na kichapo ndani ya miezi mitatu. Kilichobaki kuamua ni nani angeweza kurudi baharini mwaka uliofuata.

Dirisha la malipo

Hapa ndipo kisa kinapohitaji kusimamishwa na kutazamwa kwa karibu. Jimbo la Holland lilikopa kwa riba ya asilimia 4, kwa sababu wafanyabiashara waliolikopesha ndio haohao waliokaa katika mabaraza yake, na walikuwa na imani kwamba watalipwa. Mfalme wa Uingereza alikopa kwa wafua dhahabu wa London kwa riba ya asilimia 8 hadi 10, mara nyingine kwa dhamana ya kodi ambazo hazijakusanywa. Bunge lilikuwa limeidhinisha pauni milioni 2.5 mwishoni mwa 1664, kiasi kisicho na mfano kwa wakati ule, na likaongeza baadaye; lakini fedha iliyoidhinishwa si fedha iliyo mkononi. Mwaka 1665 tauni iliua London watu ambao idadi yao iliyoandikwa tu inazidi 68,000, ikasimamisha biashara na ukusanyaji wa kodi. Septemba 1666 moto mkubwa uliteketeza nyumba zipatazo 13,200 za jiji hilohilo. Waholanzi wengi waliokumbuka Terschelling waliuona moto huo kuwa hukumu ya Mungu. Kwa wahasibu wa Mfalme, ulikuwa kifo cha mapato ya mwaka mzima.

Baharia wa Kiingereza aliyemaliza safari hakulipwa fedha taslimu. Alipewa tiketi, karatasi inayoonyesha muda aliotumikia na kiasi anachodai, aipeleke kwenye ofisi ya jeshi la majini London. Ofisi haikuwa na fedha. Baharia mwenye njaa, au mkewe, aliiuza tiketi kwa mwenye kilabu cha pombe au kwa mlanguzi kwa thamani pungufu, na mlanguzi ndiye aliyekuwa na subira ya kungoja Hazina ilipe. Hivyo gharama ya vita iliteremshwa kutoka kwa Mfalme hadi kwa mtu aliyepigana, kisha tofauti ikaliwa na mtu ambaye hakuwahi kusikia mzinga.

Samuel Pepys, karani mkuu wa ofisi hiyo, ametuachia kumbukumbu alizoandika kila siku, na humo tunaiona hali ilivyokuwa. Tarehe 10 Julai 1666, kwa kalenda ya Kiingereza iliyokuwa nyuma kwa siku 10, ua wa ofisi yake ulijaa wanawake aliowakadiria kuzidi 300. Waume na ndugu zao walikuwa mateka Uholanzi tangu mapigano ya siku 4, na wao walifika kudai stahili zao. Walipiga kelele, wakalaani, na nyumbani kwa Pepys watu waliogopa hata kupeleka andazi la nyama kwa mwokaji lisije likanyakuliwa njiani. Pepys anakiri kwamba aliwahurumia, na kwamba alimpa mmoja wao fedha kidogo kutoka mfukoni mwake. Hicho ndicho kiwango cha uwezo wa dola iliyotaka kutawala biashara ya dunia: afisa mwenye huruma na sarafu zake chache, mbele ya wanawake 300.

Mwanzoni mwa 1667 baraza la Mfalme lilifikia uamuzi uliotokana na hesabu hizo. Meli kubwa zisingetayarishwa. Zingebaki zimefungwa katika mto Medway, karibu na Chatham, zikiwa na watu wachache tu, nyingine zikiwa hazina mizinga yake. Ulinzi ungetegemea ngome ya Sheerness kwenye mlango wa mto, ambayo ujenzi wake haukuwa umekamilika, na mnyororo mzito wa chuma uliokatiza mto pale Gillingham. Wakati huohuo wajumbe wangekwenda Breda, na mazungumzo yangeanza mwezi Mei. Charles alitarajia kwamba, kwa kuwa pande zote zilikwisha kuonyesha nia ya amani, mpinzani wake naye angepumzika. Kati ya makosa yote ya vita hivi, hili naliona kuwa kubwa kupita mengine, kwa sababu lilichanganya udhaifu wake mwenyewe na utayari wa mwenzake.

Siku tano za Medway

De Witt alitaka masharti mazuri zaidi, na alijua meli za Kiingereza zilikuwa zimelala. Alimtuma De Ruyter, na kaka yake Cornelis de Witt akapanda meli kama mwakilishi wa serikali, ili admirali asipate nafasi ya kusita. Tarehe 20 Juni 1667 Waholanzi waliipiga Sheerness na kuiteka siku hiyohiyo. Katika kikosi chao cha kutua nchi kavu alikuwamo kanali Mwingereza, Thomas Dolman, aliyekuwa akiwatumikia, na ndani ya meli zao walikuwamo mabaharia Waingereza si haba. Pepys anaandika habari iliyomfikia, kwamba wenyeji wa kando ya mto walisikia sauti za Kiingereza kutoka meli hizo zikiwaambia kwamba zamani walipigania tiketi, sasa wanapigania dola. Dola hizo zilikuwa sarafu za fedha za Kiholanzi, zilizolipwa kwa wakati.

Tarehe 22 Juni kikosi kilichoongozwa na Willem van Ghent kiliukaribia mnyororo. Nahodha Jan van Brakel, aliyekuwa chini ya adhabu kwa kuwaruhusu watu wake kupora, aliomba kutangulia, akaiteka meli ya ulinzi Unity. Merikebu za moto zilimfuata, yaani vyombo vilivyojazwa vitu vya kulipuka na kuwaka ili viegeshwe kwenye meli ya adui, na moja kati ya hizo ikaupita mnyororo. Nyuma ya mnyororo meli Matthias na Charles V zilichomwa. Royal Charles, fahari ya jeshi zima, ilitekwa karibu bila upinzani, kwa kuwa ndani yake mlikuwa na watu wachache ambao hawakuona sababu ya kufa. Meli hiyo ndiyo iliyomrudisha Charles nyumbani kutoka Uholanzi mwaka 1660 alipoitwa kushika ufalme.

Siku iliyofuata Waholanzi waliipita ngome ya Upnor chini ya mizinga na kuzichoma Royal James, Loyal London na Royal Oak. Kwenye Royal Oak nahodha Mskoti, Archibald Douglas, alikataa kuiacha meli yake na kuteketea nayo. Kwingineko watu walikimbia. Kule Chatham mashua zilizohitajika kuvuta meli hazikupatikana, na kamishna wa bandari, Peter Pett, alishutumiwa baadaye kwamba alizitumia mashua kuokoa mifano ya meli aliyoitunza. Yeye alijitetea kwamba mifano hiyo ingewafaa Waholanzi kuliko meli zenyewe. Alibebeshwa lawama za wakubwa wengi. London, wake wa mabaharia walisikika mitaani wakisema kwamba haya ndiyo malipo ya kutowalipa waume zao, na Pepys alimtuma mkewe na baba yake shamba wakafiche dhahabu yake.

Linalonigusa katika siku hizo ni jinsi washindi walivyoshika mipaka yao. Hawakwenda London, ingawa hofu ilikuwa imeutangulia moshi. Hawakujaribu kukaa Chatham. Cornelis de Witt alikuwa amekataza uporaji na kuwaadhibu waliokiuka. Waliivuta Royal Charles kwa ustadi mkubwa katika mto wenye kina kidogo, wakaondoka, kisha wakaendelea kuufunga mlango wa mto Thames kwa wiki kadhaa, na bei ya makaa ya mawe London ikapanda. Lengo lilikuwa kuharakisha kalamu za Breda, na zilienda haraka. De Witt naye alikuwa na haraka yake, kwa sababu Mei ileile Louis XIV wa Ufaransa, mshirika wake kwa karatasi, alikuwa amevamia majimbo ya Hispania yaliyopakana na Uholanzi upande wa kusini, na jirani huyo alitisha kuliko Charles aliyefilisika.

Mezani Breda

Simulizi maarufu husema kwamba huko Breda kisiwa cha Run kilibadilishwa na Manhattan. Mkataba haukuandikwa hivyo. Kanuni ilikuwa kila mmoja abaki na alicho nacho, na orodha ya mali ikajipanga yenyewe. Waingereza waliishika New York na Cape Coast. Waholanzi waliishika Run, Kormantin na Suriname, ambayo Abraham Crijnssen alikuwa ameitwaa mapema mwaka ule. Sheria ya Usafiri wa Majini ililegezwa kidogo, bidhaa za Ujerumani zilizoteremka kwa mto Rhine zikahesabiwa kuwa za Kiholanzi. Macho ya wakati ule yaliona kwamba Waholanzi ndio waliofaidi, kwa maana sukari na kungumanga vilikuwa na soko, na Manhattan ilikuwa bandari ya ngozi za wanyama. Oktoba 1667 admirali Mwingereza John Harman aliiteka tena Suriname, lakini kwa kuwa tarehe ya kanuni ilikuwa imepita, ikabidi irudishwe. Mipaka ya karatasi iliheshimiwa barabara pale iliposhughulikia mali ya pande mbili zilizotia saini.

Uingereza ilimtafuta wa kulaumiwa, na Clarendon, waziri mkuu wa Mfalme, ambaye hakuvitaka vita hivyo, akaondolewa madarakani na kwenda uhamishoni. Mwaka 1672 Charles alirudi vitani, safari hii akiwa mshirika wa Ufaransa. Mwaka huo umati wa watu uliwaua Johan na Cornelis de Witt mjini The Hague, na mwaka uliofuata Waholanzi waliutwaa tena mji wa New York, wakaurudisha kwa mkataba wa 1674.

Wale ambao hawakualikwa mezani wanahitaji nafasi yao katika uchambuzi huu. Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tunaujua mtindo huo, maana mkataba wa 1890 uliogawa maslahi ya Waingereza na Wajerumani uliziweka Zanzibar, Witu na kisiwa cha Heligoland katika waraka mmoja, na watu wa Witu hawakuulizwa. Katika vita vya 1665–1667, kampuni ya Kiholanzi ilianza kujenga ngome ya mawe huko Rasi ya Tumaini Jema, Januari 1666, kwa hofu ya manowari za Kiingereza. Amani ilipokuja, ngome ilibaki, na ikawa makao ya utawala juu ya nchi ya Wakhoikhoi. Ardhi ya Walenape, wenyeji wa asili wa Manhattan na jirani zake, ilihama kutoka dola moja hadi nyingine bila saini yao. Cape Coast, iliyobaki kwa Waingereza, ikawa makao yao makuu ya biashara ya watumwa katika pwani hiyo. Suriname ilipokea, chini ya Waholanzi, zaidi ya Waafrika 200,000 waliosafirishwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba yake. Utumwa huko ulifutwa kisheria tarehe 1 Julai 1863, na wengi wa walioachiliwa wakalazimishwa kufanya kazi kwa mikataba chini ya usimamizi wa serikali kwa miaka 10 zaidi, hadi 1873.